Fremu ya triathloni kutoka China kwa dola 850: tofauti ya bei inatoka wapi, na je, ninunue?

#1 Nyayo_za_Ngong
Salaam, wadau wa baiskeli. Najiandaa kwa Ironman 70.3 ya Rwanda kule Rubavu: kuogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1. Baiskeli niliyonayo ni ya kawaida ya barabarani, ya alumini, na nimekuwa nikitafuta fremu ya triathloni ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuihimili. Kiwanda kimoja cha Xiamen kimenipa bei ya dola 850 kwa fremu ya nyuzi za kaboni, foki, nguzo ya kiti na usukani mzima wenye mikono ya kulalia (ya kuegemeza viwiko ukijilaza mbele), usafiri haumo. Fremu ya kampuni yenye jina, ambayo kwa macho yangu ina umbo lilelile, inauzwa kwa zaidi ya mara nne ya bei hiyo.

Siulizi kama vitu vya China ni vizuri au vibaya, maana hilo limejadiliwa humu mpaka likachakaa. Nataka kuelewa tofauti ya bei inatoka wapi. Kama ninalipia jina tu, nitanunua ya Xiamen wiki hii. Kama ninalipia usalama, naomba mtu anioneshe usalama huo uko sehemu gani ya fremu. Nina kilo 82 na ninapenda kuteremka kwa kasi.

#2 Kasi_ya_Thika
Nunua, mwalimu. Fremu zote za kaboni duniani zinatoka katika viwanda vilevile vya China, kisha wenye majina wanabandika nembo na kupandisha bei ili walipe timu za Tour de France. Hata nyuzi za Toray ambazo kila mmoja anajivunia ni za Kichina. Unacholipia ni rangi na matangazo.

#3 Shangazi_wa_Leipzig
Kasi, umechanganya mambo. Toray ni kampuni ya Japani. Giant, kampuni ya baiskeli iliyoanzishwa mwaka 1972, ni ya Taiwan. Merida nayo ni ya Taiwan. Na Giant ina viwanda Taiwan na China bara na imewatengenezea wengine baiskeli kwa miaka mingi. Canyon ya huku Ujerumani hubuni baiskeli zake Koblenz lakini fremu zinatengenezwa Asia. Kwa hiyo ni kweli kwamba fremu nyingi zinatoka upande huo wa dunia, ila hilo halimaanishi kwamba zinatoka kiwanda kimoja, wala kwamba kiwanda kimoja hutengeneza kila oda kwa kiwango kimoja. Mteja mkubwa anakuja na mchoro wake wa kupanga nyuzi na masharti yake ya ukaguzi, na kazi ikikataliwa hasara ni ya kiwanda. Wewe unayeagiza fremu moja huna masharti yoyote ya kuweka.

Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya bei ni dhamana. Kampuni kadhaa kubwa humpa mnunuzi wa kwanza dhamana ya maisha ya fremu, na dukani kuna mtu wa kumrudishia mzigo. Gharama ya fremu zitakazorudishwa imeshawekwa ndani ya bei ya kila fremu inayouzwa.

#4 Mhandisi_wa_Moro
Nafanya kazi na nyuzi na resini, ingawa si za baiskeli, kwa hiyo niongezee upande wa malighafi.

Matangazo ya viwanda hivi huandika T700, T800 au T1000 kana kwamba namba kubwa ndiyo fremu bora. Namba hizo zinahusu uzi peke yake. T700 ya Toray huhimili kuvutwa hadi takriban megapaskali 4,900 na ugumu wake ni gigapaskali 230. T1000 inafika takriban megapaskali 6,370 na gigapaskali 294. Kuna pia M40J, ambayo ugumu wake ni gigapaskali 377 lakini nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ni ndogo kuliko ya T700. Mbunifu mzuri huchanganya, na fremu iliyotengenezwa kwa T700 tupu kwa uangalifu itamshinda "T1000" iliyopangwa ovyo.

Fremu haivunjiki kwa sababu uzi umekatika kwa kuvutwa. Mara nyingi huanza kuharibika pale inapobanwa au kupindwa, na hapo kinachoshikilia ni resini na jinsi tabaka zilivyoshikana. Kaboni huja kama mashuka yaliyokwisha kulowekwa resini. Hukatwa vipande vingi sana na kupangwa kwa mkono, kila tabaka kwa mwelekeo wake, kama ukili unavyopishanishwa ili mkeka usichanike upande mmoja. Ndani huwekwa puto, kalibu hufungwa, inapashwa moto, na puto hujazwa upepo ili lisukume tabaka zote zibanane ukutani. Pale ambapo puto halikufika vizuri, tabaka hukunjamana na vijishimo vya hewa hubaki. Sasa tazameni fremu ya triathloni: mirija mipana, bapa, yenye kona kali na matundu ya kupitishia nyaya. Hilo ndilo umbo gumu zaidi kubana sawasawa. Maelezo yangu ya bei, basi, ni saa za kazi na idadi ya fremu zinazotupwa. Anayeuza kwa dola 850 huenda ana ufanisi mkubwa, au huenda hatupi kitu.

#5 FundiMeru
Nakubaliana na Mhandisi kwa sababu ninayaona mezani. Huku Arusha huletewa fremu za aina hii nizifunge, na kabla sijagusa boliti hata moja nafanya kazi ya tochi na kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Tochi naiingiza kwenye tundu la mhimili wa pedali, nikitazama kuelekea mrija wa chini. Ukuta wa ndani ukiwa laini, kiwanda kilikuwa makini. Ukikuta mikunjo inayopita mzunguko wa mrija, vipande vya puto vimeganda, au donge la resini kwenye kona, basi tabaka hazikukaa.

Kalipa naiweka kwenye tundu lenyewe. Fremu nyingi za namna hii hutumia tundu la BB86, lenye kipenyo cha milimita 41, ambamo beringi hupigwa kwa kubanwa bila kuzungushwa kama skrubu. Kuna fremu ya mteja iliyokuwa 41.0 nikipima wima na 41.2 nikipima mlalo. Tofauti hiyo huioni kwa macho, lakini beringi ilikuwa ikilia kila anapokanyaga, tukapaka gundi, ikanyamaza kwa muda, ikarudi. Fremu ilikuwa imara tu. Ubovu ulikuwa kwenye usahihi wa vipimo. Kwa hiyo mwalimu, "usalama" na "ubora" ni vitu viwili, na cha pili ndicho kitakachokusumbua mapema.

#6 BintiPwani
Mimi ninayo fremu ya kiwanda cha China isiyo na jina, naiendesha barabara ya Mombasa hadi Malindi kwa misimu kadhaa sasa, kwenye joto na chumvi, na haijaniangusha. Hailii na haijapata ufa. Ninapoisafisha napitisha kidole kwenye kila kiungo nikitafuta nywele ya ufa. Fundi ataniambia nilibahatika. Nami namwambia kwamba anayepeleka fremu kwa fundi ni yule mwenye tatizo, kwa hiyo fundi siku zote ataona mbovu nyingi kuliko nzuri.

Maelezo yangu ya bei ni tofauti na yenu. Fremu kama yangu hutoka kwenye kalibu ya pamoja. Kiwanda hugharimia kalibu mara moja kisha huuza umbo hilohilo kwa yeyote, na wauzaji kumi wanaweza kubandika majina kumi. Kampuni kubwa hulipia kalibu yake ya peke yake kwa kila saizi, hulipia handaki la upepo, kisha hubadilisha umbo baada ya miaka michache. Hapo ndipo pesa inapokwenda.

#7 FundiMeru
Binti, hoja ya kwamba naona wagonjwa tu ni ya haki na ninaipokea. Ila hata wewe hujaleta yako niiingizie tochi.

#8 BintiPwani
Nitaileta siku utakayoshuka Mombasa, na ugali wa kukulisha upo.

#9 Mchumi_wa_Kariakoo
Wakati mnapima mirija, mleta mada amesema dola 850 "bila usafiri". Forodha haitozi kwa bei ya kiwandani; kwa kawaida inaanzia kwenye thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima. Juu yake unaongezwa ushuru wa forodha, kisha VAT inatozwa kwenye jumla ya thamani na ushuru huo, yaani asilimia 16 kwenu Kenya na 18 kwetu Tanzania. Kenya mna pia ada ya tamko la uagizaji na tozo ya maendeleo ya reli. Bado hujamlipa wakala. Fremu ya kaboni ni nyepesi lakini boksi lake ni kubwa, na wasafirishaji wa anga hutoza kwa ukubwa wa boksi pale unapozidi uzito. Piga hesabu ya kitu kilichofika mlangoni kwako, ndipo ulinganishe na fremu iliyotumika ya kampuni kubwa iliyoko tayari Nairobi.

Na muuzaji akikuahidi kuandika bei ndogo kwenye ankara ili upunguziwe ushuru, mkatalie. Mzigo ukipotea utalipwa hiyo bei ndogo, na forodha wakigundua utaongea nao wewe, si yeye.

#10 TandikoGumu
Mwalimu, ninaona tumeruka swali la kwanza: unahitaji fremu? Ukiwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, karibu asilimia 90 ya nguvu yako inaishia kwenye upepo, na sehemu kubwa ya upinzani huo ni mwili wako. Fremu inachukua sehemu ndogo. Mwaka 1989 Greg LeMond alianza hatua ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Alikuwa na mikono ya kulalia iliyotoka kwenye triathloni, Fignon hakuwa nayo, na LeMond akatwaa Tour kwa sekunde 8. Funga mikono ya kulalia kwenye baiskeli yako ya alumini, mlipe mtu akupime mkao, pesa inayobaki nunua tairi nzuri.

#11 Nyayo_za_Ngong
Asanteni nyote. Tandiko, mikono ya kulalia nilishaifunga, na shida ndipo ilipoanzia. Nikijilaza, magoti yanakaribia kifua na nyonga inabana, na nikishuka kukimbia miguu haifunguki. Nimeelezwa kwamba baiskeli ya barabarani ina pembe ya kiti ya nyuzi 73 hivi, na ya triathloni ina 76 hadi 80, ndiyo sababu mwendeshaji husogea mbele. Nguzo ya kiti niliyonayo haisogei kiasi hicho.

#12 TandikoGumu
Zipo nguzo za kiti zinazopinda kwenda mbele, zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Hata hivyo ukisogea mbele sana kwenye fremu ya barabarani uzito wote unahamia gurudumu la mbele, na baiskeli inakuwa na wasiwasi kwenye mteremko. Hapo nakuachia nusu ya hoja.

#13 Kasi_ya_Thika
Shangazi, nimekubali kuhusu Toray. Lakini mtazame XDS: kampuni ya China, tangu 2025 inadhamini timu ya XDS Astana, na waendeshaji wa ngazi ya juu kabisa wanapanda baiskeli zake za X-Lab. Hao hawabahatishi maisha yao. Na kitu kingine: mwalimu ahakikishe fremu ina kibandiko cha UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, bila hicho hataruhusiwa Rubavu.

#14 Shangazi_wa_Leipzig
La pili si sahihi. Kibandiko cha idhini cha UCI, kilichoanza mwaka 2011, ni cha mashindano ya UCI. Triathloni isiyoruhusu kufuatana mgongoni, yaani kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, haifungwi na masharti ya UCI ya umbo la fremu, ndiyo maana kampuni ya Cervélo iliweza kutoa baiskeli ya P5X mwaka 2016 bila mrija wa kiti. Mwalimu asome kanuni za mashindano yake mwenyewe, asome pia idadi na mahali pa chupa za maji.

La kwanza ni kweli, lakini linathibitisha kwamba XDS wanajua kazi. Halithibitishi chochote kuhusu kiwanda cha Xiamen kilichomwandikia mwalimu.

#15 Mwana_wa_Kivu
Nawaandikia kutoka Goma, ng'ambo tu ya mpaka wa Rubavu. Mkumbuke mwalimu anakwenda wapi. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Rubavu kuelekea Musanze unapanda kweli. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo faida ya umbo la kukata upepo inapungua kidogo, na mteremko unakuja na kona. Mimi ningejali breki za diski, ekseli za kupenya zenye kipenyo cha milimita 12, na foki isiyoyumba kwa upepo wa ubavuni, kabla sijajali umbo la mirija.

#16 BintiPwani
Ndugu wa Kivu, milima haiondoi faida ya baiskeli ya aina hii. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, na mbio za wanaume za kushindana na saa zilikuwa kilomita 40.6 zenye vilima vya kutosha. Remco Evenepoel alishinda akiwa amejilaza juu ya baiskeli ya kazi hiyo, na njiani akampita Pogačar aliyeondoka kabla yake.

#17 Mwana_wa_Kivu
Dada, Evenepoel akipanda hata baiskeli ya kubebea ndizi angempita mwalimu. Hoja yangu ni ya mwendeshaji wa kilo 82 anayerudi chini kwenye kona.

#18 Pancha_ya_Morogoro_Road
Naleta maelezo mengine ya bei ambayo hayajatajwa. Baiskeli zimehamia breki za diski, na viwanda vikabaki na kalibu za fremu za triathloni za breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, ambazo zilishajilipa siku nyingi. Soko la triathloni ni dogo kuliko la baiskeli za barabarani, hivyo kalibu hukaa bila kazi. Bei ikishuka sana, ulizeni mwaka wa kalibu kabla ya kuuliza ubora wa nyuzi. Mwalimu, hiyo yako ni ya diski au ya rimu?

#19 Nyayo_za_Ngong
Ni ya diski, na ekseli ni za milimita 12. Kiwanda kimenijibu usiku wa kuamkia leo. Wamesema kalibu ni yao, wakatuma ripoti ya jaribio la ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, iliyofanywa kwa saizi 54. Mimi nachukua 56. Dhamana ni miaka miwili, ila usafiri wa kurudisha fremu ni juu yangu. Nilipouliza mpangilio wa tabaka wakasema ni siri ya kazi.

#20 Mhandisi_wa_Moro
Siri ya kazi ni jibu la kawaida, hata kampuni kubwa zingekujibu hivyo. Ripoti ni jambo jema lakini isome kwa makini. Jaribio la uchovu wa kupiga pedali chini ya ISO 4210 ni mizunguko 100,000, na kwa baiskeli za mashindano nguvu ni nyutoni 1,100. Angalia kama jina la mfano kwenye ripoti ni lilelile la ankara yako, kama foki imejaribiwa pamoja na fremu, na tarehe. Angalia pia uzito wa fremu iliyojaribiwa. Ikiwa ya maabara ina gramu 1,500 na wewe unauziwa ya 1,250 ya umbo hilohilo, basi kuna tabaka zilizoondolewa na ripoti si ya fremu yako. Ndiyo maana bado nashikilia kwamba tofauti ya bei iko kwenye ukaguzi: maabara hupima fremu moja, na wewe unaendesha nyingine.

#21 Kasi_ya_Thika
Lakini Mhandisi, hilo ni kweli hata kwa fremu ya dola elfu nne. Na hizo pia zimewahi kurudishwa viwandani kwa kasoro.

#22 Shangazi_wa_Leipzig
Zimerudishwa kwa sababu kuna anayezifuatilia na kuwaandikia wanunuzi. Kalibu ya pamoja yenye majina kumi ikipata kasoro, nani atamwandikia nani?

#23 BintiPwani
Tutaandikiana humu, Shangazi, kama tunavyofanya sasa. Mimi bado nasema bei ni kalibu na matangazo, na mwalimu anunue, mradi aagize vishikio viwili vya ziada vya gia ya nyuma katika oda hiyohiyo. Kile kidude ni laini kwa makusudi ili kipinde badala ya fremu, kila fremu ina umbo lake, na hapa Mombasa wala Nairobi hutakikuta dukani.

#24 Mchumi_wa_Kariakoo
Nakazia: katika oda hiyohiyo. Kishikio cha bei ndogo kikija peke yake, gharama ya usafiri inaimeza bei yake.

#25 FundiMeru
Mwalimu, kama unaelekea kununua, waulize mambo matatu kabla ya kulipa. Nguzo ya kiti inabanwa na kabari ya namna gani, wakutumie mchoro wake, kwa sababu kwenye fremu hizi za mirija bapa kabari ndiyo hutelezesha kiti ukiwa katikati ya safari, na ukiikaza kupita kipimo walichoandika unapasua kaboni. Pili, vipimo vya fremu, yaani urefu wa wima na wa mbele kutoka kwenye mhimili wa pedali hadi kichwa cha fremu, si neno "56" tu, maana 56 ya kiwanda kimoja ni 54 ya kingine. Tatu, waambie shingo ya foki wasiikate. Wakiikata fupi hakuna fundi atakayeirefusha. Ikifika ipige picha ndani ya boksi kabla hujaitoa, kisha nitumie picha ya ndani ya tundu la mhimili, na tochi iwe imelala kwenye ukuta wa mrija, isimulike moja kwa moja, ili mikunjo itoe kivuli.

#26 Nyayo_za_Ngong
Nimewaandikia maswali yote matatu, fundi, na nimeongeza la Mhandisi kuhusu uzito wa fremu ya maabara. Pia nimepata mtu wa hapa Nairobi anayeuza fremu iliyotumika ya kampuni kubwa, ya breki za rimu, kwa bei inayokaribiana na hii ikishafika mlangoni. Je, fremu ya kaboni iliyotumika inakaguliwaje kama ilishawahi kuanguka?

#27 Mhandisi_wa_Moro
Gongagonga kwa sarafu kuzunguka kila kiungo na usikilize pale mlio unapobadilika kutoka mkali kuwa mzito. Hapo tabaka huenda zimeachana. Njia hiyo haioni kila kitu, hasa karibu na viungo vinene. Ukiweza kupata mtu mwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, kama wanaokagua vyombo vya anga, itakuwa bora zaidi. Na uliza kama foki ni ileile ya asili.